Turubai la Mama Gwamaka

Siku ya mashindano, meneja Anyelwisye aliamka na hasira zake tayari, na kila aliyemwamkia "Ugonile" alijibiwa kwa mkato.

Sababu ilikuwa Mzee Asajile. Huyu ni baba mkwe wa Tusekile, mwendesha baiskeli hodari kuliko wote katika timu ya Anyelwisye, na kamati ilikuwa imemteua kuwa mgeni rasmi, asimame pale pale kwenye utepe wa kumalizia, Matema. Katika familia kama yao, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona njiani, anaiacha njia. Mwaka jana Tusekile alikuwa anaongoza peke yake alipomkuta mzee kasimama kando ya barabara pale Ipinda. Alijitupa mtaroni na baiskeli yake, na alipotoka wenzake walishapita, watu wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Mwaka huu mshindi alikuwa anakwenda kambi ya timu ya taifa. Wa pili anarudi kulima mpunga.

Kilichomchoma Anyelwisye ni kwamba mila hiyo ina pande mbili. Mkamwana anakwepa, na baba mkwe naye anakaa mbali asimtaabishe. Mzee Asajile aliushika upande wa kwanza, wa pili akajifanya hakuwahi kuusikia.

"Mzee, ukae hata ndani ya hema," Anyelwisye alimsihi asubuhi hiyo. "Umpishe mtoto wa watu."

"Mgeni rasmi hajifichi. Mwenye haya ashuke kwenye baiskeli."

Kumbe! Tangu mwanzo hakutaka mkamwana wake aendeshe, na sasa kapata mila ya kumfanyia kazi yake chafu. Anyelwisye akamwendea Oswald, mwamuzi mkuu, mtumishi wa serikali aliyehamia Kyela kutoka mkoa mwingine.

"Mila na baiskeli wapi na wapi, meneja?" Oswald alicheka. "Na nikikuona umekanyaga eneo la kumalizia, nakufungia."

Anyelwisye mwenyewe alianza kwa kubeba mikungu ya ndizi kutoka Matema hadi Kyela mjini, mpaka timu moja ya Afrika Kusini ikamwajiri. Huko kazi yake ilikuwa kukata upepo: anatangulia, nyota wa timu anajikinga mgongoni kwake, wakikaribia utepe anampisha, nyota anapigiwa makofi. Hakuwahi kushinda hata mara moja wala hakulalamika, maana ndiyo kazi aliyoiendea. Lakini kukatwa miguu na mkweo, tena kwa makusudi, hiyo aliiona ni dhuluma tupu.

Mchana, Anyelwisye akiwa nje ya kamba ya eneo la kumalizia, Tusekile akachomoza konani peke yake, kifua kimelala juu ya usukani. Kisha akaiona kofia nyeupe ya mzee. Anyelwisye aliona vidole vyake vikienda kwenye breki.

Hasira hasara, wanasema. Kando ya lami, mbele ya nyumba ya mzee, mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye turubai. Anyelwisye akaruka kamba, akashika pembe moja, akavuta. Turubai lile halikuwa la kuinuliwa na mtu mmoja. Lilimzonga miguuni, akapepesuka. Mara upande wa pili ukainuka. Alikuwa Mama Gwamaka, mke wa mzee, mwenye mpunga wenyewe. Mpunga wote ukaporomokea mtaroni, nao wakalitandaza turubai mbele ya mgeni rasmi, kuanzia viatu mpaka juu ya kofia.

"Pita, mwanangu!" mama akapiga kelele. "Pita, hayupo!"

Tusekile akaachia breki. Utepe ukakatikia kifuani mwake.

Oswald akaja mbio kudai kitambulisho cha meneja. Kafungiwa msimu mzima. Anyelwisye akakivua mwenyewe, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Ndaga fijo," akamwambia, na alishukuru kweli.

Nyuma ya turubai mzee alikuwa anafoka. "Mke wangu, unanifunika mbele za watu! Na mpunga wangu wote umeumwaga!"

"Baba Gwamaka, ujana wangu wote nilipita migombani nikimkwepa baba yako. Na yeye, Mungu amrehemu, kila akisikia nakuja, alikuwa anageuza njia." Mama akalikunja turubai taratibu, akachukua ungo, akauweka miguuni pa mumewe. "Zoa."