Pawa ya Mzee Khaemba

Mtu akikuambia chuma hakina roho, muulize kama amewahi kubeba pawa ya Mzee Khaemba. Ilikuwa nzito kama mbuzi mwenye mimba. Rangi yake ya machungwa ilikuwa imebambuka mpaka chuma kikabaki uchi, na mpini wake ulikuwa umelainishwa na viganja hata ukang'aa. Wengine huiita msumeno wa injini. Kwa Wangila wa Kabuchai ilikuwa pawa tu, na ndiyo iliyobaki kuonyesha kwamba aliwahi kuwa mkwe wa watu.

Khaemba aliangusha nayo miti ya kiwanda cha mbao huko Kitale tangu ujana wake. Alipozeeka alimwita Wangila, mume wa binti yake Nekesa, akamwekea pawa mapajani. "Hii ni yako," akasema. "Lakini kuni za mama yenu nitakudai hata nikiwa chini ya udongo." Kwa hivyo kila mwaka, hata baada ya mzee kufa, kabla mvua haijashika, Wangila alitoka Kabuchai, Bungoma, akapanda Kitale, akampasulia mama mkwe kuni za kumtosha msimu wa baridi, akashuka.

Mwaka jana Nekesa akafa. Tumbo lilimshika asubuhi, na zahanati ilikuwa na gari la wagonjwa zuri ajabu, jipya, limechorwa picha ya mkubwa anacheka mlangoni. Petroli ndiyo haikuwa. Petroli ya kumleta huyo mkubwa kukata utepe ilikuwepo, ya kumpeleka Nekesa hospitalini haikuwepo. Tangu siku hiyo Wangila hakuamini mtu yeyote aliyeshika kalamu, ufunguo au kipaza sauti. Akisikia kwenye redio ati wananchi waache kuni, wapike kwa gesi, aliijibu redio: "Na ile mitungi mliyotuahidi kwenye kampeni iko wapi? Mnapikia nyinyi?"

Pawa nayo ilikuwa kama imefiwa. Ilikuwa ikiwaka, inakohoa, inazima. Ndipo shemeji yake Sifuna, kaka ya Nekesa, mfanyabiashara wa viazi, akapiga simu.

"Shemeji, usikasirike," Sifuna akasema. "Dada ametutoka, na mtoto Mungu hakuwapa. Sasa pawa ya baba inakaa huko Kabuchai ikifanya nini? Ule mkaratusi wa baba umeangushwa na upepo, umelala karibu na jikoni ya mama. Kuja uukate. Ikikata, kaa nayo, sitasema neno tena. Ikikataa, nimeongea na mtu wa vyuma chakavu, atakuja na mizani jioni."

"Vyuma? Pawa ya baba yako upime kwa kilo?"

"Si imekufa, bana?"

Wangila alikata simu bila kuaga. Sifuna hakuyasema yote, lakini yalisikika: pawa ikienda kwa mizani, Wangila hana tena sababu ya kupanda Kitale. Atakuwa mtu aliyewahi kupita tu.

Siku ya kwenda alipitia kwanza kwa Mzee Gurmeet, fundi wa Kitale aliyekuwa akitengeneza mashine za kiwanda enzi za Khaemba. Karakana yake ilikuwa imejaa pawa zilizokufa, zimening'inizwa ukutani kwa misumari kama nyama buchani. Gurmeet hakuuliza hali. Aliipokea pawa kwa mikono miwili, akaigeuza, akainusa mdomo wa moshi.

"Ya Khaemba," akasema. "Nani anaipa oili mbaya hivi?"

"Oili ni ile iko dukani, mzee."

"Basi duka lako ni la mafuta ya chipsi."

Wangila alitaka kukasirika lakini mikono ya yule mzee ilimzuia. Vidole vilikuwa vimepinda kama mizizi, ila vilipoingia kwenye kabureta vilikuwa na upole wa mkunga. Alifungua, akapuliza, akaosha kwa petroli. Akakwangua plagi ikawa nyeupe. Akashika tupa, akanoa jino moja moja la cheni, akiisukuma tupa kwa mbele tu, hairudishi nyuma hata mara moja, na kila jino likatoka limefanana na mwenzake. Alipovuta kamba, pawa ikaitika, ikanguruma vizuri, sakafu ikatetemeka.

"Imepona!" Wangila akasema.

"Haijapona. Iko baridi, ndiyo maana inakuchekea." Gurmeet akazima. Akaonyesha mpira mweusi, mnene kama kidole gumba, uliounganisha kabureta na silinda. "Huu umezeeka. Ikishika moto, utafunguka ufa, na itaanza kuvuta hewa. Badilisha sasa."

Hapo uchungu wa Wangila ukapanda. Anasikia injini inanguruma, na mtu anamwambia bado ni mgonjwa! Si ndivyo hata wale wa zahanati wanavyofanya, leo rudi, kesho rudi? "Nyinyi watu hamtosheki," akasema. "Mimi nataka kuni, sitaki hadithi."

Gurmeet alinyoosha mkono ukutani, kwenye pawa moja iliyofanana na ya Khaemba kama pacha, akachomoa mpira wake, akautumbukiza kwenye mfuko wa Wangila. "Huu ni wa maiti," akasema. "Maiti hauzi kitu. Nenda."

Wangila akaenda akinung'unika. Mtu hakupi kitu bure, aliwaza. Lakini mpira hakuutupa.

Alipofika, mkaratusi ulikuwa umelala uani, mrefu kama trela, matawi yake yamekaribia ukuta wa jikoni. Na ndani ya jikoni alikuwemo Mama Nanyama, mama mkwe wake. Moshi ulitoka, kikohozi kikatoka, yeye hakutoka. Kwa Wabukusu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawashikani mikono, na neno likiwepo hupitia kwa mtu wa tatu. Miaka yote hiyo Wangila alimjua kwa kivuli na sauti. Aliyebeba maneno kati yao alikuwa Nekesa, na alikuwa akiyatia sukari njiani.

Leo mbebaji alikuwa Sifuna, naye alikuwa na simu sikioni.

"Mama anasema karibu," akasema haraka. "Shemeji, lori la viazi limekwama kule barabarani, hiyo barabara yetu unaijua. Naenda. Nikirudi nikute kuni, ama nikute mizani."

"Barabara ilitengenezwa kwenye gazeti," Wangila akamjibu, lakini Sifuna alishatoka.

Akabaki yeye, mti na ukuta. Akajaza mafuta, akakaza cheni, akavuta kamba. Pawa ikaitika mara ya kwanza. Akaishusha kwenye gogo, na maganda yakaruka, unga mweupe ukamwagika miguuni, na ile harufu ya mkaratusi, ya dawa ya kifua, ikajaa ua. Kipande cha kwanza kikaanguka. Cha pili. Wangila akasikia kitu kifuani ambacho alikuwa amekisahau, akakaribia kuimba.

Halafu injini ikashika moto, na sauti ikabadilika. Ikaanza kupanda juu, kali, kama mbu aliyeingia sikioni. Alipoachia kibano cha mafuta, haikushuka, ikaendelea kupiga kelele yenyewe. Akatoa bisibisi, akalegeza skrubu ya kabureta iongezewe petroli. Ikatulia kidogo, ikatoa moshi, halafu ikapanda tena. Akaanza kulegeza zaidi.

"Wewe kuku!"

Wangila akashtuka. Sauti ilitoka jikoni, nzito, ya mtu aliyezoea kuita kuvuka bonde. Mlangoni alisimama kuku mmoja mweusi, shingo tupu, akimkodolea macho.

"Wewe kuku, mwambie mgeni azime! Azime sasa hivi, atakaanga pistoni!"

Wangila akazima. Ua ukawa kimya. Alitazama kuku, kuku akamtazama. Sifuna hayupo, jirani hayupo, na mila iko pale pale. Akageukia kisiki cha mti, akakohoa.

"Wewe kisiki," akasema, akijisikia mjinga, "muulize mwenye nyumba ameona nini."

"Kuku, mwambie sijaona, nimesikia. Hiyo pawa nimepikia chakula miaka mingi kuliko ndevu zake. Baba Sifuna akiwa msituni ng'ambo ile, nilikuwa nikiisikiliza. Ikilia nene, mti ni mkubwa, ugali ungoje. Ikikata kata, anatoa matawi, nasonga sasa. Na ikilia nyembamba hivi, bila kushuka akiiachia, najua leo anarudi mapema na hasira, maana inavuta hewa mahali. Sasa mgeni anainywesha petroli. Kuku, mwenye kidonda anatibiwa kwa uji?"

Wangila aliitazama pawa, akautazama ule ukuta wa udongo uliopasuka na kuzibwa, ukazibwa tena. Nyuma yake alikaa mwanamke ambaye hakuwahi kuvuta kamba ya pawa hata siku moja, na alikuwa akiijua kama mtu anavyojua kikohozi cha mtoto wake. Nekesa naye alikuwa hivyo. Alikuwa akisikia pikipiki ya jirani na kusema, "Huyo leo hajalewa."

"Kisiki," akasema polepole, "muulize inavuta hewa wapi."

"Nitajuaje, na mimi niko kwa moshi? Mwambie achukue haya."

Mkono ukatokea mlangoni, mkono tu, umekunjamana, ukaweka chini kopo la mafuta ya kukamulia ng'ombe, ukarudi. Wangila akatazama pembeni mpaka ulipopotea, ndipo akaenda kulichukua.

"Kuku, mwambie aiwashe, halafu apake mafuta pale kwenye maungio, mahali baada ya mahali. Atakapoziba kidonda, itashusha sauti yenyewe. Na aangalie vidole, cheni haina huruma."

Akaiwasha, ikapiga kelele. Akaizuia kwa goti, akapaka mafuta pembeni ya silinda. Hakuna. Akapaka chini ya kabureta. Hakuna. Akachovya kidole tena, akapaka kwenye ule mpira mweusi, na papo hapo sauti ikashuka, ikawa nene, kama mzee aliyeamshwa akakuta ni ndoto tu.

"Hapo!" ukuta ukasema kabla yeye hajasema.

Wangila akazima. Akaingiza mkono mfukoni, akautoa mpira wa maiti, akaukalisha kiganjani. Maneno aliyomrushia Gurmeet asubuhi yakamrudia yote. Mtu alikuwa amempa ukweli bure, naye alikuwa amemfananisha na wale wa utepe na kipaza sauti. Wakubwa walikuwa wamemlia vingi, aliona sasa, hata uwezo wa kumtambua mtu mwema akiwa mbele yake.

Akafungua skrubu, akachomoa mpira wa zamani, na ufa ukaonekana wazi, umechanua kama mdomo. Akauweka mpya, ambao nao ulikuwa mzee, akakaza, akairudisha skrubu ya petroli mahali Gurmeet alipoiacha. Akavuta kamba.

Jamani, pawa ya Khaemba ilikata! Ilizama kwenye gogo kama kisu kwenye papai. Akiiachia, inatulia. Akiibana, inanguruma. Ile sauti nyembamba haikurudi tena. Mara moja tu kuku aliambiwa amweleze mgeni kwamba cheni imeanza kulegea, na kweli, alipoigusa, ilikuwa imelegea. Vipande vilirundikana mpaka vikafunika dirisha la jikoni. Akashika shoka akavipasua, akavipanga chini ya paa.

Sifuna alirudi matope yakiwa magotini, na nyuma yake mtu wa vyuma na mizani begani. Wakasimama mbele ya zile kuni.

"Mama," Sifuna akaita kuelekea jikoni, "kumbe imekata?"

"Aliyekuja na mizani apime kichwa chako," Mama Nanyama akajibu, na kwa mwanawe hakuhitaji kuku. "Tena umpe chai, ametembea bure."

Mtu wa vyuma akacheka mpaka mizani ikalia begani. Sifuna akajikuna kisogo. "Basi, shemeji," akasema. "Nimesema sitasema neno."

Wangila akaifuta pawa kwa shati lake, akaitundika begani. Alipogeuka kuondoka, sauti ikatoka tena.

"Sifuna, mshike huyo kuku umpe mgeni. Amebeba maneno mazito leo, hawezi tena kutaga hapa. Mkwe hatoki kwangu mikono mitupu."

Mkwe. Wangila alisikia neno hilo likivuka ua na kumfikia zima, halijatiwa sukari na mtu. Akampokea kuku, akambana kwapani.

"Na wewe kuku," Mama Nanyama akaendelea, "huko Kabuchai usisahau. Ule mti wangu wa mgrevilia, wa mpakani hapa, umeanza kukauka kileleni. Mwakani utakuwa tayari. Umwambie mwenyewe asichelewe kama mwaka huu."

Wangila akamtazama kuku machoni. 

"Mwambie mkwe wake amesikia," akamwambia. "Na mwambie kwanza atapitia kwa Gurmeet, ana neno la kumrudishia."