Waya wa Chumbani kwa Mama Mkwe

Mashine ya kuvutia dawa ya pumu ilinguruma kidogo, ikalegea, ikanyamaza. Peace, mtoto wa miaka minne, alibaki na barakoa ya plastiki usoni, kifua kikipiga filimbi, mbavu zikizama kila alipovuta pumzi. Dawa ilikuwa mle kikombeni, lakini mvuke haukutoka. Obitre, baba yake, alibonyeza swichi tena na tena.

Mvua ilikuwa imelipiga eneo la Pajulu, nje ya mji wa Arua, tangu asubuhi. Jovia, mke wake, alikuwa amekwenda mjini Koboko kuuza vitenge. Obitre alibaki kumwangalia mama mkwe wake, Drateru, aliyevunjika mguu na kulala kitandani na plasta hadi pajani. Anguzu wa boda alikuwa ameshapigiwa simu aje awapeleke hospitali. "Nakuja, mwalimu," alisema, "lakini barabara iko tope tupu." Sasa atafika lini? Mungu ndiye ajuaye.

Umeme pale ulikuwa wa sola tu, na betri ilikaa chini ya kitanda cha Drateru kwa kuogopa wezi. Na chumba cha mama mkwe, jamani, mkwe wa kiume haingii! Hata kumtazama usoni ni aibu, sembuse kumkuta amelala. Ndiyo maana Jovia, kabla ya kuondoka, alivuta waya mwembamba wa spika kutoka kwenye betri, akaupitisha dirishani, ukavuka uwanja hadi kwenye kibanda cha mume wake. Taa iliwaka, simu zikachajiwa, heshima ikatunzwa. Mashine ya mtoto hakuna aliyeijaribu kwenye waya huo.

Betri imekufa, Obitre aliwaza. Alikuwa mwalimu wa sayansi, na mita ya shule alikuwa nayo begini. Akapima ncha za waya: volti kumi na mbili na nusu. Ala! Si imejaa? Akawasha mashine, akapima tena: tisa. Akazima: kumi na mbili na nusu.

Alipaza sauti kuelekea dirishani, macho chini kama kawaida. "Mama! Kile kisanduku cha sola ukutani kinasema ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu, Baba Peace."

"Nawasha mashine. Sasa?"

"Imeshuka kidogo tu. Mtoto iko namna gani?"

Obitre aliutazama waya. Betri ilikuwa nzima. Mwizi alikuwa waya. Simu hunywa mkondo mdogo, lakini mashine ilitaka mkondo mkubwa, na mkondo mkubwa ukilazimishwa kupita kwenye waya mwembamba na mrefu, ukinzani wa waya unakula volti njiani. Kila mwaka aliwaimbisha wanafunzi, "Mnene na mfupi! Mnene na mfupi!" Leo yamemkuta mwenyewe. Waya mnene hakuwa nao. Na akiukata huu uwe mfupi, haufiki kibandani.

Filimbi kifuani mwa Peace ilianza kufifia. Hiyo haikuwa nafuu. Ilikuwa hewa inayoisha, na midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu.

"Baba Peace! Mbona kimya?"

"Mama, waya iko mrefu sana. Inakula umeme. Mashine inataka kukaa karibu na betri."

Mvua iliendelea kunyesha. Drateru akasema, "Ingia."

"Mama, nitaingiaje?"

"Kwa mlango, mjinga wewe! Ingia!"

Obitre alimkumbatia mtoto, mashine kwapani, akavuka uwanja mbio. Chumbani Drateru alikuwa amejifunika blanketi hadi kichwani. Obitre alipiga magoti kando ya kitanda, akaukata waya kwa meno, akabakiza kipande cha shubiri moja kwenye betri, akaunganisha mashine. Mashine ikanguruma kwa nguvu. Mvuke ukajaa barakoa. Alikuwa akihesabu pumzi za mwanawe. Mkono wa Drateru ulichomoza chini ya blanketi, ukapapasa hewani mpaka ukaushika mguu wa mjukuu.

Peace alikohoa, akalia. Kilio chenye sauti! Obitre alitokwa na machozi.

Hapo pikipiki ikaingia uwanjani. "Mwalimu!" Anguzu aliita. "Uko wapi?"

Obitre aliganda. Anguzu huyu kesho atakuwa ameshaisimulia Arua nzima.

Drateru alilifunua blanketi usoni, akapaza sauti hadi majirani wasikie. "Iko huku, chumbani kwangu! Nimemwita mimi!"