Wageni Waliokuja Kuteka Maji

Faradji alikuwa fundi cherehani mwenye sauti. Mtaa mzima wa Waswahili pale Gisenyi uliijua sauti hiyo. Ndiyo iliyokaribisha watu kwenye arusi, ndiyo iliyotangaza mbuzi aliyepotea, na siku ambazo mkewe Saidati aliumwa kichwa, ndiyo iliyomfanya ahamishie cherehani yake mwisho wa baraza. Kwa hiyo Bwana Kosta, Mgiriki mwenye depo, ghala la kahawa, karibu na ziwa, alipotafuta mtu wa kusema kwenye sinema yake, hakuhangaika. Alikuja moja kwa moja barazani, akasimama katikati ya vitambaa.

"Mashine yangu ni bubu," alisema. "Taa ya sauti imekufa, na nyingine sijui itatoka Ulaya lini. Picha inatembea, midomo inatembea, lakini hakuna neno hata moja. Nataka mutu wa kuwaelezea watu."

"Sinema ya nini?"

"Ya watu wanaotoka kwenye nyota."

Faradji aliweka mkasi chini. Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1958. Mwaka uliotangulia redio ilikuwa imetangaza habari za chuma cha Warusi kinachozunguka juu ya dunia, na tangu hapo hata wavuvi waliokuwa wakitazama juu kujua hali ya mvua walikuwa wakitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

"Bon," alisema. "Nitasema."

Jumapili ile, watu walipotoka misa, na Waislamu walipomaliza sala ya adhuhuri, depo ilijaa. Madirisha yalizibwa kwa mablangeti. Magunia ya kahawa yalisukumwa ukutani na watoto wakapanda juu yake. Wavuvi na familia zao walikaa mbele, watu wa mtaani nyuma yao, na Saidati alipata nafasi kwenye benchi la wanawake, katikati kabisa. Faradji, ndani ya kanzu yake ya sikukuu, alisimama kando ya shuka jeupe, uso wake kwa watu.

Katika picha, chombo kikubwa cha mviringo, mfano wa chungu, kilishuka kando ya ziwa katika nchi fulani ya Wazungu. Wakatoka watu watatu warefu wenye vichwa vya kioo. Walivuta mpira mrefu mpaka majini, na kile chombo kikaanza kunywa. Akatokea mzee mkulima pamoja na ng'ombe wake. Yule mgeni mrefu kuliko wenzake akainua mikono yote miwili.

"Anasema," Faradji alinguruma, "'Simama hapo hapo, mzee! Ziwa ni letu leo!'"

Depo nzima ikapiga kelele. Faradji akapata moto. Wanakijiji walipokuja na majembe na mbwa, yeye alikuwa majembe, alikuwa mbwa pia. Mawe yakarushwa. Chombo kikapaa haraka, na kilipofika juu ya mashamba makavu, maji yakaanza kumwagika kutoka tumboni mwake kama mvua, huku wanakijiji wamesimama chini, nyuso juu, wakilowa.

"Tumbo limetoboka!" Faradji alimalizia. "Wezi wanatapika walichokula!"

Watu walimpigia makofi mpaka vumbi la kahawa likawakaba. Alirudi nyumbani akitembea kama bwana arusi.

Jumatatu asubuhi mabishano yalianza, na yalianzia barazani kwake.

Nyiramana, muuza samaki, alikuja kushonewa mkono wa blauzi. "Wezi kabisa," alisema hata kabla ya kuketi. "Ziwa likishuka, samaki wangu iko wapi? Nitauza tope?"

Sebagabo, kapita wa mtumbwi, yaani mkubwa wa wapiga kasia, alikuwa amekaa kwenye kizingiti akingoja suruali yake. "Mutu wa kiu si mwizi, Mama. Mi nikikuta mutu ametoka kisiwani Idjwi, midomo imemukauka, namuuliza karatasi kwanza?"

"Yule wa Idjwi anakunywa kwa kikombe. Hawa walileta mpira!"

"Wako wengi kwao. We ungewapa kikombe kimoja mpaka lini?"

Mwalimu Kayitare alikuwa amesimama wima, mikono pembeni, anapimwa koti. Alikohoa kidogo. "Donc, nyote munabishana juu ya bure. Kile hakikuwa chombo. Ni chungu cha udongo, kimefungwa uzi. Mi nimeuona uzi."

Nyiramana na Sebagabo, ambao hawakuwa wamekubaliana juu ya lolote, walimgeukia pamoja.

"Na aliyeushika uzi kule juu ni nani?" Nyiramana aliuliza.

Mwalimu akanyoosha mkono wa pili upimwe.

Saidati alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichoma kwenye kifuko chake, kisha akasema polepole, "Yule mrefu hakusema ziwa ni letu."

Faradji akamcheka mkewe. "Alisema nini basi, Mama Zaituni?"

"Alipiga hodi."

"Hodi! Ulisikia wapi hodi? Sinema ni bubu!"

"Na wewe ulisikia wapi 'ziwa ni letu'?"

Sebagabo alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Faradji naye alijaribu kucheka, lakini mkewe alikuwa hajamaliza.

"Mikono yake ilikuwa wazi, Baba Zaituni. Alimwonyesha mzee kwamba hakubeba kitu. Na ile mvua haikuwa tumbo kutoboka. Mashamba yale yalikuwa makavu, wakayaona, wakayanywesha. Ungeyajua hayo kama ungeitazama ile picha. We ulikuwa unaangalia watu. Picha uliigeuzia mgongo tangu mwanzo mpaka mwisho."

Hata Nyiramana aliangalia blauzi yake. Jambo lenyewe lilikuwa kweli, na kila mmoja pale alikuwa ameliona kwa macho yake: mara mbili tatu tu Faradji alitupa jicho juu ya bega, kisha akarudi kwa watu wake na vicheko vyao.

Siku mbili nzima Faradji hakuzungumza na mkewe ila habari za vifungo na uzi. Mji, kwa upande wake, haukuzungumza kitu kingine ila wageni wa nyota. Kisimani wanawake waligawanyika, wezi huku, wageni kule. Wapagazi waliokuwa wakivuka kwenda Goma waliweka mizigo chini mpakani ili wabishane vizuri. Kila Faradji alipopita sokoni, mtu alipaza sauti nyuma yake, "Ziwa ni letu leo!" na alianza kushindwa kujua kama anasifiwa au anachekwa.

Alhamisi Bwana Kosta alirudi, amefurahi. "Wanaitaka tena! Kila mutu anasema mwenzake hakuona vizuri. Jumapili hii, Faradji, saa nane."

Faradji hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa. "Mwambie Mama Zaituni. Yeye njo anajua lugha ya nyota."

Alilisema kama mtu anayerusha kokoto. Cherehani ya Saidati iliendelea kukimbia, mshono ukaisha, mguu wake ukasimama.

"Saa nane kamili?" alimuuliza Kosta. "Au saa nane za kwako?"

Kosta aliangalia mume, akaangalia mke, akaona ni heri aondoke na jibu hilo.

Faradji alingoja mkewe aseme alikuwa anatania. Ijumaa ikapita. Jumamosi asubuhi, akiwa anachukua makaa uani, alimsikia nyuma ya jiko. Alikuwa peke yake, amesimama mbele ya pasi, anaisemesha. "Wametoka mbali," aliiambia pasi. Akakosea, akaanza upya. Faradji alitaka kucheka, lakini katika sauti ile kulikuwa na mtetemeko ambao hakuwa ameusikia tangu siku ile walipoletewa habari kwamba binti yao Zaituni amejifungua salama. Akasimama pale na makaa yake.

"Usikimbie," alisema hatimaye.

Saidati aligeuka, uso umewaka kwa aibu.

"Mi nakimbia sana," Faradji aliendelea. "Watu wakicheka, ngoja wamalize. Halafu maneno yako yatafika yote."

"Utakuja?"

"Nitakuja kuangalia picha. Si nimeambiwa sikuiona?"

Jumapili depo haikutosha. Wapo waliosimama nje wakisikiliza mlangoni. Faradji alikaa benchi la tatu, kati ya Sebagabo na Mwalimu Kayitare, ambaye alisema amekuja kuhakikisha habari ya uzi. Mashine ikaanza kutatarika. Chombo kikashuka. Saidati alisimama kando ya shuka, mtandio wake mweupe ukimulikwa na picha, na hakusema kitu.

Wageni wakatoka. Hakusema kitu.

"Sauti iko wapi?" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

Faradji aliona vidole vya mkewe vimeshika pindo la mtandio. Angeweza kusimama na kuijaza depo ile kwa pumzi moja. Aliikalia mikono yake.

"Wametoka mbali," Saidati akasema.

Haikuwa sauti kubwa. Waliokuwa wakinong'ona ilibidi wanyamaze ili waisikie.

"Angalieni miguu yao. Hawatembei kama watu wanaokuja kupigana. Wamechoka."

Depo nzima ikaangalia miguu. Ilikuwa kweli, ile miguu mirefu ilikuwa inaburuzika. "Ayiwe," akasema mama mmoja kwa huruma. Mzee akatokea na ng'ombe wake. Mgeni akainua mikono.

"Anasema, 'Hodi.'"

Hakuna aliyepanga. Kutoka kwenye magunia mpaka mlangoni, na kwa wale wa nje ambao hawakuona chochote, sauti mia mbili zikaitika kwa pamoja: "Karibu!"

Halafu wakacheka wenyewe, wakacheka mpaka mablangeti yakatikisika madirishani. Saidati naye alianza kucheka, akakumbuka, akangoja wamalize.

Wanakijiji walipokuja mbio na majembe, Faradji alidhani mkewe atawafanya wajinga. Hakufanya hivyo. "Wanauliza, 'Nani amewaruhusu? Ziwa hili linatulisha sisi.' Na wana haki ya kuuliza," alisema. "Hakuna aliyewaambia kitu."

Nyiramana akasimama mbele kabisa. "Waache wanywe!" aliwafokea wanakijiji wa kwenye shuka. Kisha akawageukia wageni. "Lakini huo mpira warudishe!"

Faradji hakucheka na wengine, kwa sababu alikuwa anaangalia. Kando kabisa ya picha, wakati kila mtu anarusha mawe, mzee mwenye ng'ombe hakurusha. Alikuwa anavua kofia yake. Polepole, kama mtu anayeaga wageni waliokuja kumtembelea, aliivua na kuishika kifuani. Jumapili iliyopita, wakati huo huo, Faradji alikuwa anabweka kama mbwa.

Chombo kikapaa. Maji yakaanza kumwagika juu ya mashamba, na hapo Saidati hakusema neno. Mashine ilitatarika peke yake. Watu waliangalia mvua ile ikiwaangukia wale waliorusha mawe.

"Asante!" mtu akapaza sauti.

"Asante nini? Tumbo limetoboka!" mwingine akajibu, na depo ikalipuka upya, watu wamesimama juu ya mabenchi, wanaonyeshana kwa vidole, wanashikana mabega, wanabishana kwa Kiswahili na Kinyarwanda, huku Bwana Kosta anaomba mtu afungue mlango.

Nje jua liliwapiga machoni. Saidati alimkuta mumewe karibu na ukuta, anapepesa.

"Sasa?" aliuliza. Alijaribu kuuliza kama mtu asiyejali.

"Nimeona kofia," Faradji alisema.

"Kofia gani?"

"Ya yule mzee. Aliivua wakati wanaondoka. Aliwaaga, Mama Zaituni! Peke yake!"

Saidati akaweka mkono mdomoni. "Sikuiona. Mara zote mbili sikuiona! Wakati ule leo nilikuwa nimegeuka, namwangalia Nyiramana."

Waliangaliana, kisha wote wawili wakacheka pale ukutani mpaka watu wakaanza kuuliza kuna nini.

"Lakini ni wezi," Faradji alisema alipopata pumzi. "Wezi wenye adabu."

"Ni wageni. Wageni wasiojua desturi."

"Desturi ya kwanza ni kuomba!"

"Si waliomba? Na wewe uliitika 'karibu'. Nilikuona."



Jumapili ya tatu walisimama wote wawili, mmoja kila upande wa shuka. Faradji alikuwa wanakijiji na mbwa, mkewe alikuwa wageni na ng'ombe, na mzee walimgawana, kwa sababu hakuna aliyekubali kumwacha. Watu walishuka kwa miguu kutoka milima ya Bugeshi, vikapu vya viazi kichwani, wakaviweka mlangoni na kuingia. Faradji alipowatukana wageni, Saidati alimjibu kutoka upande wa pili. Alipomjibu vizuri mno, Faradji alisahau maneno yake na kumpigia makofi, na watu wakampigia yeye makofi kwa kusahau. Mwalimu Kayitare, aliyekuja mara ya tatu kwa ajili ya uzi, alikiri mbele ya wote kwamba amesahau kuutafuta.

Kesho yake Saidati aliamka hana sauti. Alifungua mdomo, ikatoka pumzi tu. Faradji alimkalisha barazani na shali mabegani, akaponda tangawizi, akachemsha chai, akamletea kwenye kikombe kikubwa. Wateja walianza kufika, kila mmoja na maoni yake mapya. Sebagabo alitaka kujua wale wageni kwao kulikosa nini. Nyiramana alitaka kusema kwamba yeye hajabadilika hata kidogo, ila kama wangekuja kwake angewapikia kwanza.

Wote walimgeukia Faradji. Baraza zima lilikuwa lake, na hakukuwa na mtu wa kumpinga. Alivuta pumzi, akamwona mkewe akimwangalia juu ya kikombe, macho yamejaa kicheko, akingoja kusikia atasema nini. Akaitoa ile pumzi.

"Tumngoje Mama Zaituni apone," alisema, akachukua mkasi wake.