Ng'onda wa Ngala

Bati la kwanza liligoma. Kijana aliyekuwa juu ya nyumba yangu alilivuta, akalitukana, akalivuta tena, hadi misumari ikatoka ikilia. Jua likaanguka moja kwa moja kitandani. Rispah, mke wangu, alikuwa hainuki tangu kiharusi kimpige. Alifunika macho kwa mkono wake mmoja mzima, akauliza, "Baba Everline, wamefungua dirisha gani hilo?"

Nikasimama kumkinga jua.

Mimi ni mtu wa njia. Nimelala Vanga, Lunga Lunga, Tanga, kwenye maghala na barazani kwa watu. Shule nayo niliisoma vipande vipande, kila niliposimama mahali. Paa langu mwenyewe nililipata uzeeni, hapa Kombani, na nilipewa kwa mdomo tu na Samuel Ngala, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi.

"Chukua mabati, Jefwa," aliniambia. "Utalipa polepole. Ukikosa pesa niletee samaki, tutakata deni."

Tukashikana mikono mbele ya Rispah.

Nilikuwa kuli wa samaki Shimoni. Kila niliporudi nilipitia kwa Ngala kwanza, nina noti chache, au ng'onda, samaki waliokaushwa wakakauka kweli, ndani ya gunia. Aliwapima kwa mkono, juu, chini, akataja bei, akasema, "Hapo tumekata." Hatukuandika. Mtu amekuamini, utamwambiaje akuandikie?

Kisha duka likafungwa. Biashara imelala, alisema. Samaki aliendelea kuwapokea, nami nikaendelea kupeleka. Hakunieleza kwamba madeni yote aliyokuwa akiwadai watu alikuwa ameyauza kwa ofisi ya wakusanyaji madeni huko Ukunda.

Hilo nililisikia kwa Trevor, kijana wa bara aliyetumwa na ofisi hiyo, shati limepigwa pasi, viatu vimejaa vumbi jekundu.

"Mzee, hiyo deni sasa ni yetu."

"Mimi sikukopa kwako, mwanangu. Nilikopa kwa Ngala, na Ngala ninamlipa."

"Unamlipa na nini?"

"Vijipesa. Na ng'onda."

Akacheka, wala si kwa ubaya. "Mzee wangu, ng'onda haina risiti."

Simu zikaanza. Walinipigia nikiwa na tenga kichwani. Walimpigia hata tajiri wangu wa samaki, mpaka akachoka, akaniambia nisirudi kabla sijamaliza mambo yangu. Sasa nyumbani hakuna dawa, hakuna unga, na wingu la masika limeshaanza kujikusanya upande wa vilima vya Shimba. Nikamwomba Trevor jambo moja tu: twende wote kwa Ngala. Akisema nimelipa, waniache na paa langu. Akakubali.

Ngala alitokea mlangoni amevaa msuli. Nyuma yake nyumba ilinukia samaki wangu, wa kupaka nazi.

"Bwana Ngala," nikasema, "mwambie huyu kijana tulivyokuwa tukikata."

Alimtazama Trevor, si mimi. Niliiona hofu yake. Deni ameliuza, na bado amelila.

"Samaki aliniletea, ndiyo," akasema. "Lakini ni mambo ya ujirani. Watu huleteana."

"Samuel." Sikuwahi kumwita hivyo, jina tupu. "Rispah alikuwepo. Muulizeni Rispah."

"Mama mgonjwa huyo," akasema kwa upole. "Msimsumbue."

Kwa hiyo mabati yakashuka, moja baada ya jingine, wakayapanga kwenye pikapu. Mwishoni Trevor alichungulia ndani, akamwona Rispah na mkono wake machoni. "Shikamoo, mama," akasema. Akamrudisha kijana wake juu na bati moja. Wakaligongomea juu ya kitanda, upogoupogo, kwa misumari ileile iliyopinda.

"Hilo nitasema lilikuwa limeoza," akaniambia. Hakungoja shukrani.

Zamani ningebeba kikapu changu nikaondoka. Safari hii sehemu iliyobaki niliiezeka makuti ya kuombaomba, nikarudi Shimoni, nikamsihi tajiri hadi akanipa tenga langu.

Siku ya kwanza niliyorudi nyumbani nilipitia kwa Ngala, kama kawaida yangu. Nikamkabidhi gunia la ng'onda.

"Bwana Jefwa," akasema, sauti ndogo, "hawa tena ni wa nini?"

"Wa ujirani."

Alisimama nao mikononi. Hakuwapima.