Yai kwenye Mstari wa Mama Mkubwa

Kila aliyefanya kazi kwenye duka la kufulia nguo la Mjomba alimwita Profesa, na hakuna aliyemwita hivyo bila kucheka. Chuo alikiacha mwaka wa tatu, mtihani ukiwa umebakiza wiki mbili, akarudi na begi moja la nguo na magunia mawili ya maneno makubwa. Mjomba akamwambia, "Haya, mpwa wangu. Si ulisomea biashara? Duka hilo hapo, lisomeshe."

Akalisomesha kweli. Asubuhi moja akagongelea ubao mweupe juu ya meza ya pasi, akaandika watu kwa mistari. Wa kwanza Povu, mfuaji. Wa pili Treni, mpiga pasi, ambaye mvuke wa pasi yake ulifuka kutwa nzima. Wa mwisho Mama Mkubwa, dada mkubwa wa Mjomba na wa mama mzazi wa Profesa, aliyekaa kwenye kimeza kidogo kati ya kamba na pasi. Ukifua shati, alama moja. Ukilipiga pasi, alama moja.

"Na asiyepata alama?" akauliza Treni.

"Huyo tutamsomea dua."

Sasa, kazi ya Mama Mkubwa hakuna aliyewahi kumpa, alijipa mwenyewe. Shati likitoka kambani alilipeleka puani, akavuta pumzi, akapitisha kidole gumba kwenye vifungo. Mengi aliyasukuma kwa Treni. Mengine alimrushia Povu: "Baba, hili bado lina sabuni. Lisuuze tena." Povu alinung'unika kama sufuria, lakini akasuuza.

Hakufua, hakupiga pasi. Jumamosi jioni Profesa alipojumlisha, Mama Mkubwa alikuwa na sifuri. Angeiacha tu hivyo, basi yaishe. Lakini mkono wa mtani haulali. Ile sifuri akaichonga ikawa yai, juu ya yai akachora kuku ameatamia, na kichwani mwa kuku akaweka kilemba kile kile cha Mama Mkubwa, na fundo lake la upande.

Treni alizima pasi ili acheke vizuri. Mjomba alicheka mpaka akashikilia kapu la nguo chafu. Mama Mkubwa naye alicheka, kidogo. Akakunja kitambaa chake cha mezani, akaenda zake.

Jumatatu hakuja. Alituma ujumbe kwamba magoti yanamsumbua.

"Apumzike," akasema Mjomba, jicho kwenye ubao. "Kwani tunapungukiwa nini?"

Hawakupungukiwa kitu. Alama zilipanda! Treni akimfukuza Povu, "Leta, leta," Povu akasuuza mara moja badala ya tatu, na hakukuwa na mtu wa kumrudishia shati. Wiki ya tatu ubao ulijaa mpaka Profesa akaandika pembeni, kwenye rangi ya ukuta. Mjomba akamnunulia soda, akamwita msomi wa ukoo.

Siku ile ile akaingia mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani, mteja wa miaka mingi, akaweka shati jeupe kaunta. Kola ilikuwa ya njano. Sabuni iliyobaki ilikuwa imeungua chini ya pasi.

"Nimelirudisha mara tatu hili," akasema. "Nikuulize kijana. Shati moja, likija mara tatu, ni mashati mangapi?"

"Matatu, mwalimu," Profesa akajibu, akicheka.

Mwalimu hakucheka. Alichukua shati lake, akasema ameshapata dobi mwingine, na walimu wenzake pia.

Profesa akabaki na lile jibu mdomoni. Matatu. Akageukia ubao. Kila shati lililorudi na malalamiko lilifuliwa upya, likapigwa pasi upya, likapata alama upya. Kadiri walivyoharibu ndivyo ubao ulivyowasifu. Akakumbuka mhadhiri mmoja aliyechora mishale inayozunguka, huu unausukuma ule, ule unarudi kuusukuma huu, akasema ukipima kipande kimoja tu, kitu kizima kitakudanganya. Siku hiyo Profesa alikaa nyuma kabisa. Alikuwa anamchora mhadhiri ndevu za mbuzi.

Wanasema majuto ni mjukuu. Huyu wake alifika na mizigo yake, akauliza chumba kiko wapi.

Mchana huo huo akaenda kwa Mama Mkubwa. Alimkuta uani, anapepeta mchele, magoti mazima.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ubao hajambo?"

Akamweleza yote, mwalimu, kola, walimu waliohama. "Rudi, Mama. Nilikosea hesabu. Ile sifuri nitaifuta."

"Sifuri haikuniuma, mwanangu. Wewe ni mtani tangu hujaota meno." Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Nilimwangalia mdogo wangu. Yule nimembeba mgongoni. Nikasema, huyu anajua ninachofanya pale, sasa hivi atasema. Akashika kapu, akacheka."

Profesa alitafuta mzaha. Maisha yake yote hakuwahi kuukosa.

"Nitamwambia aje kukuomba radhi."

"Akija kwa kuambiwa, atakuwa amekuja yeye, au umemleta wewe?"

Kisha akamvuta karibu kwa kola, akapeleka pua shingoni pake. Profesa akasimama wima kama mtoto anayekaguliwa.

"Sabuni," akasema Mama Mkubwa. "Vua."

Akalisuuza kwenye beseni mara tatu, akibadilisha maji kila mara, akalianika.

"Likikauka, uende. Mimi pale sirudi."

Profesa akakaa kifua wazi kwenye kigoda, akilitazama shati likidondosha maji. Jua lilikuwa kali. Aliliomba kimoyomoyo lipunguze, lakini pindo lilikuwa limeshaanza kukauka.