Aliumia, Aliumizwa

Saa tatu kasorobo asubuhi Vaileth Shayo aliteremka kwenye treni akitokea Wheaton, akapita ukaguzi wa mlangoni mwa mahakama, akaketi mahali pa mkalimani wa Kiswahili, kando ya Gervas. Gervas alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali huko Manassas. Mkono wake wa kulia uliishia kwenye kiwiko.

Mbele ya hakimu wa madai ya kazini, Gervas alieleza kwamba msimamizi wake aliamuru kinga ya rola ya kupigia pasi ing'olewe ili mashuka yapite haraka. Siku ya tatu rola ikamvuta.

"Dada, waambie wameniumiza," alisema.

Vaileth akatafsiri kwa Kiingereza. Wakili wa kampuni akauliza neno lenyewe ni lipi, na limetoka wapi.

"Ni kuumiza. Limetoka kwenye kuuma, kazi ya meno. Mtu anaweza kuumia peke yake. Akiumizwa, yupo aliyemuumiza."

Alipomaliza kusema hivyo, alama za meno zilijitokeza kwenye mkono wa msimamizi, aliyeketi upande wa kampuni, juu sita na chini sita, zikavuja damu kidogo. Karani alifungua droo akampa plasta. Mle chumbani walizoea kuziweka akiba kwa siku kama hizo.

"Tuandike tu kwamba aliumia," wakili alisema.

"Sivyo alivyosema," Vaileth alijibu.

Gervas aliendelea. "Niliwaambia mara mbili rola ile ni hatari. Sasa wanasema kosa ni langu. Wamenidhulumu."

Wakili akataka asili ya hilo pia. Vaileth akasema limetoka kwa Waarabu, na kwao dhuluma na giza ni mzizi mmoja. Chumba kikawa giza totoro, saa nne na dakika tano asubuhi, huku magari yakisikika barabarani. Karani aliwasha tochi ya simu yake, akaielekeza kwenye karatasi za hakimu. Kesi haikusimama.

"Tangu nifike pale, yule bwana alikuwa akinionea," Gervas alisema gizani.

"Na hilo?" wakili aliuliza kwa uchovu.

Vaileth angeweza kueleza maana tu, akaishia hapo. Miaka saba alikuwa ameambiwa kwamba mkalimani ni bomba, maji yapite bila kuacha ladha.

"Limetoka kwenye kuona," alisema.

Basi wote mle chumbani wakaona kwa macho ya msimamizi. Waliona rola ikizunguka wazi. Waliona shati la Gervas likinaswa, kisha vidole, na mdomo wake ukiita. Kitufe chekundu cha kuzimia mashine kilikuwa hatua moja tu. Macho yakaenda kwenye saa ya ukutani, yakaenda kwenye toroli za mashuka zilizobaki, yakamrudia Gervas. Ndipo mkono ukanyooka, taratibu, ukabonyeza.

Mwanga ukarudi. Wakili alisimama kupinga: ushahidi huo haukuwasilishwa kwa maandishi siku kumi kabla ya kesi. Hakimu alijifuta macho kwa leso, akakubali pingamizi. Akaamua kwamba mfanyakazi aliumia kwa kutojihadhari, na dai lake limetupwa.

"Mheshimiwa, umeona," Vaileth alisema. Hakuwahi kusema neno lake mwenyewe katika chumba kile.

"Sote tumeona," hakimu alimjibu kwa upole. "Mkalimani atafsiri."

Akatafsiri. Kila neno alilitema kama mchanga, na yote yalikuwa sahihi.

Huko nje kwenye korido alimshikia Gervas koti mpaka akapenyeza mkono wa kushoto.

"Nani yuko kwenye ile rola sasa?"

"Binti mmoja Mkenya, Jepkosgei. Ameanza Jumatatu."

"Na kinga wamerudisha?"

Gervas aliibana karatasi ya hukumu kwapani.

"Iko stoo," alisema. "Wanaitumia kutundikia makoti."