Mji Alioutaka Dafroza

Ndani ya lantana humwoni mwenzako hata kama mnaweza kushikana mikono. Unasikia matawi yanavunjika, unaona maua tu, ya chungwa na ya pinki kwenye kichwa kimoja, na miiba inakuvuta gauni mpaka suruali ya mume uliyovaa chini yake ionekane. Ndiyo maana kiangazi kile tulipokuwa tunapima magugu kwenye milima ya katikati ya Bunda na Butiama, mstari wetu tuliushika kwa vitendawili. Mmoja anatega, wa kuliani kwake anajibu, naye anatega, hivyo hivyo mpaka mwisho wa mstari. Asiyejibu amepotea, au amekaa chini anakula mabungo.

Ukikuta lantana unaita, "Ipo!" Watu wote wanasimama. Bwana Leodgar, mtaalamu wetu wa misitu kutoka Musoma, anakuja na futi yake ndefu, anapima kichaka, anafunga kitambaa chekundu. Wenye mapanga na moto watakuja baadaye kufuata vitambaa.

Mwaka ule sukari ilikuwa imerudi madukani, imejaa mpaka dirishani, hela ya kuinunulia ndiyo ikawa imehama. Kwa hiyo kazi ilipotangazwa kanisani kwetu Kiriba, tulikwenda wengi. Kuliani kwangu kwenye mstari alikuwa Dafroza. Tulikuwaga tunaanika dagaa pamoja, nikidhani namjua. Siku ya kwanza kambini, tukiwa tunasugua masufuria, akaniambia:

"Mama Miriamu, wenzangu mmefuata mshahara. Mimi nimemfuata mwanangu."

"Mwana yupi tena?"

"Apolinary."

Kumbe aliolewa huku milimani kabla ya Operesheni Vijiji. Mtoto wake wa kwanza, na hakupata mwingine, alikufa hajaanza kutembea. Wakamzika nyuma ya jiko la Dafroza mwenyewe. Dafroza akaomba vijiti vya lantana kwa masista wa misheni, akachomeka kimoja kila pembe ya kaburi, kwa kuwa mbuzi hawaili lantana na miiba yake inazuia ng'ombe. Halafu malori yakaja, nyumba zikaezuliwa, watu wakateremshwa bondeni kuanza kijiji. Mume akafia hukohuko. Mlima ukawa msitu wa Serikali, mtu haruhusiwi kuupanda.

"Nilijisemea, siku nikirudi nitayafuata maua," akasema.

Akacheka, maana tulipoinua macho, mlima mzima ulikuwa maua.

Tangu hapo sikumwona ametulia. Uji anakunywa amesimama. Tukipumzika, yeye anazunguka vichaka, anainama, anafukua majani kwa fimbo. Kwenye mstari anatangulia, mpaka Bwana Leodgar anapiga kelele.

"Dafroza! Unanivurugia mstari!"

"Mstari wako haunifikishi ninakokwenda, mwanangu."

Muharami, dereva wetu wa Bunda mjini, hakukosa la kusema. "Mama, unakimbizwa na nani? Si ungesema nikupe gari."

"Gari gani? Hilo ambalo asubuhi tunalisukuma sisi?"

Siku ya mwisho tulibakiza mteremko mmoja. Upande wa ziwani mawingu yalikuwa yamekaa vibaya. Kiangazi kimekwisha, gari likishuka leo halipandi tena, na wenye mapanga wakishapita watachoma kila kitu. Baada ya hapo nani atajua mtoto yuko wapi? Dafroza uji hakuugusa, alikuwa ameshashika fimbo. Mimi mwenyewe nachuma majani, natupa.

Tukaingia kichakani.

"Kitendawili!" nikaita.

Kimya.

"Kitendawili! Wewe Dafroza!"

Ni upepo tu. Nikauacha mstari, nikapasua miiba kwenda kuliani, na nyuma yangu namsikia Bwana Leodgar anakuja na wenzetu, anafoka kwamba sasa na mimi nimekuwa kama Dafroza. Tukamkuta Dafroza amepiga magoti. Mbele yake kulikuwa na jiwe la kusagia, lile kubwa la chini, shimo lake limejaa majani makavu.

"Ni langu," akasema. "Huu ufa niliupiga mwenyewe nikitwanga muhogo, mama mkwe akanitukana wiki nzima. Walikataa kulipakia kwenye lori."

Akageuka, akanyoosha mkono kama anayekumbuka mlango ulikuwa wapi. Akalala kifudifudi akaanza kutambaa. Tukamfuata hivyo hivyo, na Bwana Leodgar naye, kofia imebaki kwenye mwiba. Vijiti vya pale vilikuwa vyembamba kama vidole. Halafu akashika shina nene kama mkono wa mwanaume. Karibu yake jingine. Mashina manne, kila moja kwenye pembe yake.

"Ipo!" akaita Dafroza, sauti imempasuka. "Ipo! Ipo!"

Bwana Leodgar akatoa futi, akapima, uso unang'aa. "Hizi ndizo zilizozaa mlima huu wote! Nani alizi—" Akamwangalia Dafroza. Futi akaikunja taratibu.

"Nilizipanda mimi. Funga kitambaa chako, zing'olewe, sizitaki tena. Lakini kwanza naweka mawe."

"Mama, hairuhusiwi kujenga kitu humu. Wakubwa wakija wakakuta alama, ataulizwa nani? Hapa ni mali ya Serikali."

Huko chini Muharami akapiga honi. Sisi wanawake tulikuwa tumeshaanza kuokota mawe, tukasimama nayo mikononi. Dafroza akakaa chini katikati ya yale mashina manne.

"Kitendawili," akasema.

"Tega!" tukaitikia wote, na Bwana Leodgar pia, kwa mazoea.

"Nilimweka askari amlinde mwanangu. Askari akazaa, wanawe wakajaza mlima, wakamficha mwanangu nisimwone."

Kwa mpango wetu anajibu aliye kuliani, na kuliani kwake alikuwa amesimama Bwana Leodgar, kitambaa chekundu kinamning'inia mkononi. Jibu alilijua, alikuwa amelipima kiangazi kizima. Honi ikalia tena, ndefu.

"Nimeshindwa," akasema.

"Basi nipe mji."

"Nimekupa Musoma."

"Musoma siitaki."

"Chukua Bunda."

"Bunda nina nani?"

"Butiama basi, mama. Hapo karibu."

"Nipe hapa," akasema Dafroza. "Padogo tu. Panapomtosha mtoto."

Tone la kwanza la mvua likadondoka kwenye jani, tukalisikia. Bwana Leodgar akafunga kitambaa kwenye shina la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la nne, akakaza fundo. Alipomaliza akainama akaokota jiwe, akampa.

"Nimekupa hapa. Fanya haraka."

Aliyepewa mji lazima aende, halafu atoe jibu. Tukasubiri.

"Nimefika," akasema Dafroza. "Jibu lake ni..."

Hakumaliza. Alikuwa anatafuta mahali pa jiwe la kwanza, na mikono yake, kwa mara ya kwanza kiangazi kile, haikuwa na haraka, hata Muharami alipopiga honi tena.